Pete hazisomeki: kutatua matatizo ya mawe ya masikio ya samaki

Jiwe la sikio la samaki hujijenga kwa pete kama za mti, na kwa kuzihesabu tunapata umri wake. Umelikata jiwe, umeliweka chini ya hadubini, na unachokiona hakihesabiki. Au kinahesabika vizuri tu, ila mwenzako kapata saba pale ulipopata nne. Wengi wakifika hapo huongeza ukuzaji wa lenzi na kukodoa macho. Hilo halisaidii kitu. Mara nyingi kosa lilishafanyika kabla ya hesabu kuanza: kwenye kisu, kwenye kichupa cha kuhifadhia au kwenye msumeno. Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo chake.

Jiwe halionekani kabisa, au linavunjika ukiligusa

Samaki wa mifupa ana jozi tatu za mawe haya, yaani otolithi: sagita, lapilasi na asteriskasi. Kwa changu, chewa, kolekole na samaki wengi wa baharini, sagita ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo inayosomwa. Kwa kambare, ningu na jamaa zao mambo ni kinyume. Sagita yao ni uzi mwembamba unaokatika ndani ya kibano. Kwa kambare tafuta lapilasi. Kwa jamii ya ningu, asteriskasi huwa pana na huvutia macho, lakini kwa kawaida madini yake si yale yanayotunza pete safi, kwa hiyo kwao pia lapilasi ni chaguo bora.

Kama uliyenaye ni papa au taa, acha kutafuta. Hana mawe ya namna hii, ana chembechembe tu. Umri wake husomwa kwenye pingili za uti wa mgongo.

Kama samaki ni wa kundi sahihi na bado hulioni jiwe, tatizo ni mahali ulipokata. Sagita zimekaa kwenye vishimo viwili vya mfupa, kushoto na kulia, chini ya sehemu ya nyuma ya ubongo. Laza kisu juu ya macho, kata kwa mlalo kuelekea nyuma, inua utosi kama kifuniko, kisha ondoa ubongo kwa kibano. Mawe yatakuwa chini yake, ndani ya utando laini. Ukiona ubongo wa mbele tu, umeishia karibu mno na macho. Ukisikia kisu kinakwaruza kitu kigumu kuliko mfupa, umeshuka mno na pengine umeshalikata jiwe.

Kwa samaki ambaye lazima arudi sokoni akiwa mzima, pitia kwenye matamvua. Fungua kifuniko cha shavu, kata matamvua yanaposhikana na fuvu, kwangua nyama iliyo chini ya fuvu mpaka uone uvimbe wa mfupa, kisha uvunje kwa ncha ya kisu. Njia hii ni ya polepole mwanzoni, lakini mkono ukishazoea huwezi kujua kwa kumtazama samaki kwamba aliguswa.

Jiwe likivunjika usilitupe. Weka vipande vyote pamoja. Kama kiini kimo ndani ya kipande kimoja na ukingo haujapotea, bado linasomeka.

Uso wa jiwe umekuwa mweupe na unaacha unga

Hapa hakuna kubahatisha: ni asidi. Jiwe limejengwa kwa kalsiamu kaboneti, na protini ni asilimia chache tu ya uzito wake. Formalini, dawa ya kuhifadhia samaki, hugeuka asidi kadiri inavyokaa, na asidi hula kaboneti. Kichwa kilichooza muda mrefu kabla ya kupasuliwa kinaweza kuleta matokeo hayo hayo, na vilevile ethanoli ya zamani ambayo haijawahi kubadilishwa.

Dawa haipo. Unaweza kusugua uso na kuzifikia pete za ndani, lakini ukingo umekwenda, na pamoja nao pete ya mwisho au mbili. Samaki huyo andika kuwa hafai kupewa umri. Ukimlazimisha, ataonekana kijana kuliko alivyo, na takwimu nzima za ukuaji zitapanda juu bila sababu.

Kinga yake ni rahisi mno. Toa utando jiwe likiwa bado bichi, suuza kwa maji safi, kausha usiku mzima, weka ndani ya bahasha ya karatasi au kichupa kikavu. Utando uliokaukia juu ya jiwe utalegea ukilowekwa kwenye maji, na ukikataa, tumia hipokloriti (dawa ya kung'arisha nguo) iliyopunguzwa makali kwa dakika chache, kisha suuza vizuri. Viluwiluwi vya samaki wahifadhi wazima ndani ya ethanoli ya asilimia 95, na ubadilishe ethanoli hiyo baada ya saa 24, kwa sababu maji ya miili yao huwa yameshaipunguza makali.

Gliserini ina ubaya wa aina nyingine. Jiwe likilowekwa humo kwa muda, pete hutokea wazi zaidi. Likisahauliwa, kila kitu huwa angavu na pete hupotea. Liangalie mara kwa mara na ulitoe pale linaposomeka.

Jiwe ni angavu kama kioo na halina pete

Jambo la kwanza, tazama jiwe la upande wa pili. Kama hilo ni la kawaida, zito na lenye rangi ya maziwa, basi uliloshika mwanzo ni la vateraiti.

Kalsiamu kaboneti ina namna zaidi ya moja ya kujipanga. Sagita yenye afya ni ya aragonaiti. Wakati mwingine samaki, akiwa hai, huacha kuweka aragonaiti na kuanza kuweka vateraiti, na sehemu hiyo inakuwa kioo chenye uso wa mawimbi na umbo lisilo la kawaida. Hali hii huonekana zaidi kwa samaki waliofugwa kuliko waliozaliwa ziwani au baharini, na mara nyingi huupata upande mmoja tu. Pete zilizowekwa kabla ya badiliko zinaweza kuonekana katikati, lakini baada ya hapo hesabu haiaminiki. Soma jiwe lingine. Yakiwa yote mawili ya vateraiti, andika hivyo na uendelee na samaki mwingine.

Msitupe rekodi ya mawe hayo, maana kuharibika kwake kuna maana kwa samaki mwenyewe. Nyama ya samaki ina uzito unaokaribiana sana na wa maji. Sauti ikipita, mwili wote hutikisika pamoja na maji, na samaki asingeisikia kabisa kama kila kitu kingetikisika kwa pamoja. Jiwe ndilo linalovunja mwendo huo. Aragonaiti ina takriban gramu 2.9 kwa kila sentimita ya ujazo, karibu mara tatu ya maji, kwa hiyo jiwe hubaki nyuma kidogo mwili unapotikisika. Chini yake kuna kitanda cha seli zenye vinywele. Tofauti ya mwendo kati ya jiwe na kitanda hicho huvipinda vinywele, na seli hupeleka habari kwenye neva. Vateraiti ina gramu 2.6 hivi. Ni nyepesi zaidi, umbo lake si lile ambalo sikio lilizoea, na vipimo vilivyofanywa kwa samaki wa aina hii vinaonyesha usikivu wao umepungua. Kwa hiyo idadi ya mawe ya vateraiti katika kundi la vifaranga wa bwawani ni habari juu ya afya ya kundi hilo, hata kama haikupi umri wa samaki hata mmoja.

Mawe ni makubwa, lakini vipimo vya usikivu havipandi

Swali hili huja sana kwa wanaolinganisha aina za samaki. Jiwe kubwa halimaanishi sikio linalosikia sauti nyembamba zaidi. Samaki wengi wanaotegemea jiwe peke yake husikia sauti nzito, za mitetemo mamia machache kwa sekunde, na huishia kabla ya elfu moja au karibu nayo. Kambare ana mawe madogo, lakini anasikia mpaka maelfu kadhaa, kwa sababu ana mnyororo wa vifupa vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio. Sauti hulibana na kulitanua puto la hewa, na vifupa hupeleka mtikisiko huo ndani. Kwa hiyo kabla hujaandika lolote juu ya usikivu, pasua uone kibofu cha hewa kimefika wapi, kimegusa fuvu au la.

Pia hakikisha unajua jiwe lipi linafanya kazi gani. Sagita hubeba sehemu kubwa ya kusikia kwa samaki wengi. Lapilasi hushughulika zaidi na mizani ya mwili: kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kupima urefu wa lapilasi kisha kuhitimisha kuhusu kusikia ni kosa.

Mfereji uliochorwa kwenye uso wa ndani wa sagita ndipo kitanda cha seli kinaposhikana na jiwe. Umbo la mfereji huo, pamoja na umbo la ukingo, hutofautiana kati ya aina na aina kiasi kwamba mtu aliyezoea anaweza kutaja samaki aliyeliwa kwa kuangalia mawe yaliyobaki tumboni mwa aliyemla. Lakini asidi ya tumbo hulainisha kingo, kwa hiyo urefu wa samaki unaokadiriwa kutoka kwenye jiwe la tumboni huwa mdogo kuliko ukweli. Tumia yale tu ambayo mfereji wake bado una kingo kali.

Kiini hakimo kwenye kipande

Hapa ndipo umri mwingi unapopotea, na anayesoma hajui kwamba umepotea.

Kata kitunguu pembeni badala ya katikati: utaona pete nzuri, safi, lakini chache, na ya ndani kabisa itakuwa pana ajabu. Jiwe ni vilevile. Kipande kilichopita milimita 0.3 tu pembeni mwa kiini kinaweza kuficha pete ya kwanza nzima kwa samaki mdogo. Dalili yake ni duara la katikati lisilo na kitone wala mistari inayokusanyika mahali pamoja. Ukiona katikati ni patupu na laini, usihesabu.

Fanya hivi. Weka jiwe kavu juu ya kitambaa cheusi, mwanga utoke pembeni, na utafute kiini, ambacho kwa sagita nyingi kiko karibu na mahali mfereji unapobanwa. Piga mstari mwembamba wa penseli hapo, kuvuka upana wa jiwe. Likishazamishwa kwenye resini ya epoksi, mstari utaonekana bado. Kata vipande vitatu au vinne mfululizo kwa msumeno wa almasi wa mwendo wa polepole, kila kimoja milimita 0.3 hadi 0.5, kuanzia kidogo kabla ya mstari hadi kidogo baada yake. Kimoja kati yao kitakuwa na kiini. Kukata kipande kimoja kwa kuringia jicho lako ni kamari.

Resini nayo ina vituko vyake. Ikibaki inanata baada ya siku nzima, uwiano wa resini na kigumisho haukuwa sawa: pima kwa mizani kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji, usikadirie kwa vijiko. Mapovu yakizunguka jiwe, ulikoroga kwa kasi. Mimina tabaka jembamba kwanza, liache ligande nusu, weka jiwe, kisha mimina la pili taratibu. Jiwe likichomoka msumeno unapopita, lilikuwa na unyevu, mafuta au mabaki ya utando. Lisuuze kwa ethanoli na ulikaushe kabla.

Mikwaruzo inafanana na pete

Mikwaruzo huenda moja kwa moja. Pete hupinda. Zungusha kipande nyuzi 90: mstari unaoendelea kufuata mkondo wa umbo la jiwe ni pete, unaokata nje ya umbo ni msasa.

Chanzo ni kuruka daraja la msasa, au kutosuuza kati ya daraja moja na jingine hadi punje moja kubwa ikahamia kwenye msasa laini. Anza 600, nenda 1200, nenda 2000, daima kwa maji, na umalizie kwa unga wa alumina wa mikromita 0.3 juu ya kitambaa. Kila baada ya misuguo michache rudi kwenye hadubini. Kiini ukishakipita, hakuna njia ya kukirudisha.

Mmoja anahesabu nyeusi, mwingine nyeupe

Jiwe lina matabaka ya aina mbili: zito, linalozuia mwanga, na angavu, linalopitisha. Mwanga ukitoka juu na jiwe likiwa juu ya kitu cheusi, tabaka zito huonekana jeupe na angavu huonekana jeusi. Mwanga ukitoka chini na kupita ndani ya kipande, mambo hugeuka: zito huwa jeusi, angavu huwa jeupe. Watu wawili wanaweza kubishana asubuhi nzima kumbe wanazungumzia tabaka lile lile.

Acheni maneno “nyeusi” na “nyeupe” kwenye fomu. Andikeni “zito” na “angavu”, na juu ya kila picha muandike mwanga ulitoka wapi.

Kama utofauti ni hafifu kwa mwanga wowote, vunja na uchome. Vunja jiwe kupitia kiini, shika nusu moja kwa kibano juu ya moto wa taa ya spiriti, na uitoe inapogeuka rangi ya kahawia ya caramel iliyokolea. Ni suala la sekunde. Tabaka angavu huungua na kuwa mstari mwembamba wa kahawia-nyeusi. Paka tone la mafuta juu ya uso uliovunjika na usome kwa mwanga wa juu. Likigeuka kijivu cha majivu umelipitisha, na litabomoka mkononi. Tumia nusu ya pili.

Pete ni nyingi kuliko ukubwa wa samaki unavyoruhusu

Baadhi yake si za mwaka. Samaki anapohama kutoka maisha ya kuelea kwenda kukaa chini, anapotaga, anapokosa chakula au maji yanapobadilika joto ghafla, jiwe huandika mstari. Vipimo vitatu vinatenganisha mistari hii na pete za kweli.

Ifuate pete kwa kalamu kwenye picha. Ya mwaka huzunguka jiwe zima, na kwenye kipande unaiona inafika hadi kwenye mfereji pande zote mbili. Ya uongo hukatika njiani au huungana na jirani yake. Pili, angalia nafasi: kutoka kiini kwenda nje, nafasi kati ya pete za mwaka hupungua kadiri samaki anavyokua polepole. Pete mbili zilizobanana katikati ya nafasi pana, kisha nafasi pana tena, mara nyingi ni pete moja iliyogawanyika. Tatu, punguza ukuzaji. Kwenye mara 40 utaona kila mstari; kwenye mara 15 zinabaki zile zenye uzito. Kwa pete za mwaka sisi tunaegemea ukuzaji mdogo, na tunadhani ukuzaji mkubwa umezalisha miaka hewa mingi kuliko kitu kingine chochote.

Ila kuna suala zito zaidi kwenye maji ya joto karibu na ikweta: pengine pete ni za kweli, lakini zinawekwa mbili kwa mwaka, kwa sababu majira ya mvua ni mawili au samaki anataga mara mbili. Hilo huliamui kwa jicho. Kusanya mawe ya kila mwezi kwa miezi 12 mfululizo, ya samaki wa ukubwa unaolingana, na kwa kila moja uandike ukingo wake ni zito au angavu. Chora asilimia ya kingo angavu mwezi kwa mwezi. Mlima mmoja kwenye mchoro, pete moja kwa mwaka. Milima miwili, pete mbili. Usikusanye robo mwaka kwa robo mwaka ukadhani inatosha. Mlima mwembamba utapita katikati usiuone.

Pete ni chache mno kwa samaki mkubwa

Ulisoma jiwe zima bila kulikata. Samaki akishakomaa, sagita huacha kurefuka na kupanuka, bali hunenepa kuelekea ndani, upande wa mfereji. Pete mpya zinalaliana upande huo, na ukiangalia jiwe zima kutoka juu huzioni.

Kosa hili limeshagharimu akiba za samaki. Hoplostethus atlanticus, samaki mwekundu wa kina kirefu, alidhaniwa kuishi miaka 20 hadi 30. Vipande vilivyokatwa vizuri, na baadaye vipimo vya mionzi, vilionyesha kwamba anaweza kupita miaka 100. Uvuvi uliopangwa kwa kudhani anakua haraka ulikuwa tayari umeyamaliza makundi yake mengi.

Njia ya haraka ya kushuku ni mizani. Jiwe huendelea kuongezeka uzito hata samaki akisimama kurefuka. Ukiwa na samaki wawili wa urefu sawa na jiwe la mmoja ni zito kwa theluthi moja zaidi, kata hilo kwanza.

Mnapishana kwa mwaka mmoja tu, kila mara

Mpishano wa namna hii una vyanzo viwili.

Cha kwanza ni pete ya kwanza: mmoja anaihesabu, mwingine anaiona kuwa alama ya uchanga. Kata mawe ya samaki wadogo ambao kwa hakika wana mwaka mmoja, pima umbali kutoka kiini hadi pete hiyo, na ubandike kipimo hicho kando ya hadubini. Pete iliyo karibu mno na kiini kuliko kipimo hicho haihesabiwi.

Cha pili ni ukingo. Kwenye nchi za kaskazini desturi ni kuwapa samaki wote siku ya kuzaliwa ya Januari 1. Samaki aliyevuliwa Machi, tabaka angavu la majira ya baridi likiwa bado linaundwa ukingoni, anahesabiwa tabaka hilo. Aliyevuliwa Novemba likiwa limeanza tu, hahesabiwi. Asiyeangalia tarehe ya kuvuliwa atakosea nusu ya sampuli. Hata hivyo, soma kwanza bila kujua urefu wa samaki. Urefu ukiwa mezani, jicho huzitafuta pete zinazolingana nao.

Pete za siku hazilingani na umri unaojulikana

Mtafiti Giorgio Pannella ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba jiwe lina pete za kila siku. Kwa vifaranga zinasomeka vizuri, zikiwa na upana wa mikromita moja hadi kumi hivi, kwa hadubini ya ukuzaji wa mara 400 hadi 1000 na kipande kilichosuguliwa pande zote mbili.

Zikipungua kwa idadi ile ile kwa samaki wote, si kosa la kusoma. Aina nyingine huanza kuweka pete siku ya kuanguliwa, nyingine huanza kiini cha yai kinapokwisha na samaki anapoanza kula. Tafuta tofauti hiyo kwa vifaranga wa umri unaojulikana, kisha uiongeze kwenye kila hesabu. Zikipungua zaidi kwa samaki waliodumaa, pete zimekuwa nyembamba chini ya mikromita moja na lenzi haiwezi kuzitenganisha. Hapo unahitaji hadubini ya elektroni au ukubali kwamba sehemu hiyo haisomeki. Zikizidi, unahesabu vistari vya ndani ya siku. Geuza fokasi juu na chini kidogo: vistari hivyo hufifia na kutoweka, pete ya siku hubaki.

Ushahidi ni alama ya rangi inayobaki ndani ya jiwe. Waloweke vifaranga kwenye alizarini, au wachome samaki wakubwa sindano ya oksitetrasaiklini, miligramu 25 hadi 50 kwa kila kilo. Wafuge kwa siku zinazojulikana, kisha uhesabu pete zilizo nje ya mstari unaong'aa. Ng'ao ya oksitetrasaiklini hufifia kwenye mwanga, kwa hiyo samaki na mawe yao viwekwe gizani tangu mwanzo.

Wasomaji hawakubaliani

Pima kabla ya kugombana. Kwa kila samaki gawanya mchepuko sanifu wa hesabu (kipimo cha jinsi zinavyotawanyika) kwa wastani wake, zidisha kwa 100, kisha tafuta wastani wa samaki wote. Mmoja akisema 4 na mwingine 5, mchepuko ni 0.71, wastani 4.5, jibu asilimia 15.7. Wakisema 20 na 21, jibu ni asilimia 3.4 tu. Ndiyo maana asilimia 5, inayotumiwa sana kama kipimo cha kazi nzuri, ni ngumu kufikiwa kwa samaki wa maisha mafupi na haifai kuwa fimbo ya kuwachapia wasomaji wao.

Chora pia hesabu ya mmoja dhidi ya mwingine. Nukta zikitawanyika pande zote mbili za mstari wa usawa, ni uchovu au vipande vibaya. Zikilala upande mmoja, mna kanuni mbili tofauti, na kusoma mara ya tatu hakutaziunganisha. Kaeni na picha mkubaliane.

Na kukubaliana kwenyewe si uthibitisho. Kwa samaki wa muda mrefu, uthibitisho wenye nguvu unatoka kwenye majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, yaliyojaza kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi, angani na kisha baharini. Mtafiti John Kalish aliutumia mwaka 1993: kiini cha jiwe huchimbwa, kaboni-14 hupimwa, na mwaka wa kuzaliwa unaotokana na pete hulinganishwa na mwaka ambao kiwango hicho kilikuwa kwenye maji.

Urefu wa zamani unaokokotolewa ni wa ajabu

Ukikadiria samaki alikuwa na urefu gani akiwa na mwaka mmoja, na wazee wakatokea kuwa walikuwa wadogo kuliko vijana wa leo, umekutana na hali ambayo mtafiti Rosa Lee aliieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Inawezekana ni kweli, kwamba wavu umewachagua wanaokua haraka. Lakini mara nyingi ni kanuni. Samaki anayekua polepole huwa na jiwe kubwa kuliko mwenzake wa urefu ule ule, na mstari uliochorwa kwa wastani wa kundi zima humpotosha.

Tumia kanuni iliyofungwa kwenye ukubwa wa samaki anapoanguliwa. Chukua samaki wa milimita 300 mwenye jiwe la nusu kipenyo cha milimita 3.0. Alianguliwa na milimita 4, jiwe likiwa milimita 0.01. Pete ya kwanza iko milimita 1.2 kutoka kiini. Toa 3.0 kwenye 1.2, upate −1.8. Zidisha kwa 296, ambayo ni 300 kutoa 4, na ugawe kwa 2.99, ambayo ni 3.0 kutoa 0.01. Jibu ni −178.2. Lijumlishe na 300: alikuwa na milimita 121.8. Pima nusu kipenyo kwenye mhimili ule ule kwa mawe yote, na upande ule ule wa kichwa. Kwa samaki bapa wanaolala chini, kushoto na kulia havifanani, na kuchanganya pande kunatosha kuharibu kila kitu.

Strontiamu inaruka juu na chini bila mpangilio

Kemia ya jiwe hutuonyesha samaki alipita maji gani. Uwiano wa strontiamu na kalsiamu kwa kawaida hupanda samaki anapoingia maji ya chumvi, na bariamu hupanda anapoingia mtoni. Mwelekeo huo ukivurugika kwenye jiwe moja, shuku vateraiti kwanza, kwa kuwa hubeba strontiamu kidogo sana. Ukivurugika kwenye mawe yote, shuku uchafu: kibano cha chuma, maji ya bomba, hipokloriti, msasa wenye mabaki ya jiwe la jana. Mawe ya kemia yashikwe kwa kibano cha plastiki, yasuuzwe kwa maji yaliyosafishwa kabisa, na yasipite kwenye moto. La kushoto peleka kemia, la kulia kata usome umri.